Njoni mfungue kinywa: maswali yenu baada ya Pasaka

Kila mwaka Pasaka ikishapita, maswali huja mengi kuliko wakati wa Kwaresima. Nadhani ni kwa kuwa nguo nyeupe zimerudi kabatini, na mtu amebaki na maisha yake vile vile. Nimechukua haya machache, mengine yanafanana.

Mwalimu, Jumapili tuliimba "Amefufuka" mpaka sauti zikakauka. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri niko kwenye foleni ya feri, mfukoni nina nauli ya kwenda tu. Huko kufufuka kwa Yesu kunanifaa nini? (Kijana, Likoni)

Mwanangu, swali lako nimelipendea ile saa. Yohana sura ya 21 inaanzia hapo hapo: wanafunzi saba wamekesha ziwani, nyavu tupu, na kunapopambazuka kuna mtu amesimama ufuoni. Hawamtambui. Anawaambia watupe wavu upande wa kuume, wanavuta samaki 153, na wakishuka pwani wanakuta moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Kisha anawaambia, "Njoni mfungue kinywa."

Unawajua wale mama wa mihogo na viazi karai karibu na kivuko. Yuko mmoja hupepea jiko kwa kipande cha katoni, jivu likamrukia kwenye leso, wala hainui macho mpaka umwite. Nikisoma sura hii, hiyo ndiyo picha inayonijia. Aliyeyashinda mauti amechutama mbele ya jiko, anageuza samaki.

Na Petro hakukosa kuisikia harufu ile. Yohana ametaja moto wa makaa mara mbili tu: hapa, na kule uani kwa Kuhani Mkuu, Petro alipokuwa akiota moto huku akikana kuwa mwanafunzi wa Yesu. Yesu hakumfokea. Alimlisha kwanza, ndipo akamuuliza kama anampenda, mara tatu, swali moja kwa kila mara aliyomkana.

Kwa hiyo ufufuo hautakupa nauli ya kurudi. Nikikuahidi hivyo nitakuwa nakudanganya, na wa kukudanganya wako tele, wanakungoja na bahasha ya "kupanda mbegu". Unachopewa ni kujua kwamba anayekungoja ng'ambo yu hai, anajua una njaa, na ulipoteleza juzi hapakuwa mwisho wa habari yako. Paulo anaandika aya 57 juu ya ufufuo katika 1 Wakorintho 15, nawe unatarajia amalizie mawinguni. Aya ya 58 anawarudisha watu kazini: mwimarike, taabu yenu si bure katika Bwana. Mimi nasoma na foleni ya feri humo. Na jioni nauli ikikosekana, mwambie mwenzako wa kanisani bila kuona haya. Ndiyo kazi yake.

Kwa nini Pasaka haina tarehe yake kama Krismasi? (Msomaji, Bamburi)

Mwezi, dada. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Ndiyo maana 2025 ilikuwa 20 Aprili, na 2026 ni 5 Aprili. Majirani zetu Waislamu huutafuta mwezi wa Idi kwa macho. Wetu ulishapigiwa hesabu kwenye majedwali zamani, basi sisi hatuumwi shingo.

Nilimzika mwanangu mwezi wa pili. Nikilia, wenzangu wa maombi huniambia ninyamaze, kwani Yesu amefufuka na mtoto yuko pahali pazuri. Je, machozi yangu ni kukosa imani? (Mama, Mikindani)

Pole, mama. Pole sana. Lia.

Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro alijua kwamba punde tu atamwita atoke. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kutolia siku ile, ni yeye. Akalia machozi. Paulo naye aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Wenzako wameisoma nusu ya aya.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe Rosina na binti yao mchanga, aliyekuwa na siku chache tu duniani, naye mwenyewe akiwa hoi kwa homa hiyo. Kaburi liko upande wa Nyali. Sisi humkumbuka Krapf kwa kazi yake ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, nayo aliianza mwaka ule ule. Nadra nimsikie mhubiri akisema kwamba mikono iliyoandika ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Aliamini ufufuo, na aliumia.

Tena Yesu hakufufuka na mikono mipya. Alama za misumari zilikuwepo, Tomaso akaonyeshwa. Kama mwili wa Bwana uliofufuka ulibaki na makovu, sioni kwa nini wewe udaiwe moyo usio na kovu kabla hata arubaini haijakauka.

Nyinyi mnaomnyamazisha, mpelekeeni uji, kaeni naye mkekani, na midomo ipumzike.

Jirani yangu Mwislamu, tunayepelekeana futari na mahamri ya Krismasi, aliniuliza tunawezaje kuamini kwamba Nabii Isa alikufa msalabani. Nikashikwa na kigugumizi. Nimjibu vipi? (Baba wa watoto watatu, Majengo)

Kwanza mshukuru, maana amekuuliza barazani na si kwa kipaza sauti uwanjani. Mihadhara ya kushindana kwa aya tumeisikia sana mji huu, na sijaona aliyerudi nyumbani akimpenda jirani zaidi.

Mwambie mnakubaliana kwa mengi: kwamba wafu watasimama mbele ya Mungu, kwamba hesabu ipo. Hata neno tunatumia moja. Biblia ya Muungano yenyewe inasema "kiyama ya wafu". Mnapoachana ni msalabani. Qur'ani, Sura An-Nisaa aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Injili zote nne zinasema alikufa akazikwa. Ufa huo usiupake chokaa. Yeye anaujua, na atakuheshimu ukiusema wazi.

Halafu mweleze ulichopokea. Paulo aliandika yapata miaka 20 na kitu baada ya tukio, akawataja waliomwona Yesu: Kefa, ndiye Petro, wale Thenashara, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai. Ni kama anasema, nendeni mkawaulize. Na waliotangulia kuleta habari kutoka kaburini walikuwa wanawake, ambao zama zile ushahidi wao haukupewa uzito. Luka anakiri kwamba mitume waliyaona maneno yao kuwa upuzi. Mtungaji wa hadithi angechagua mashahidi wa kupendeza zaidi. Hoja hii haitamnyamazisha jirani yako, wala haikukusudiwa hivyo. Mimi hunituliza. Ukishaisema, mmiminie chai.

Tangu Shakahola naogopa hata kufunga Ijumaa Kuu. Wale nao walisema wanakwenda kukutana na Yesu aliye hai. Tunatofautiana nao wapi? (Dada, Kisauni)

Kwenye samaki, dada yangu. Sifanyi mzaha. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewafundisha wafunge mpaka kufa ilifukuliwa katika msitu ule wa Shakahola, Kilifi, watoto wakiwemo, na wengi walikuwa wamekufa njaa. Sasa fungua Luka 24. Wanafunzi wanadhani wanaona roho. Yesu anawaonyesha mikono na miguu, bado hawaamini, ndipo anauliza kama wana chakula chochote. Wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakila mbele yao. Anathibitisha kwamba yu hai kwa kula.

Mungu aliufufua mwili. Fundisho linalouchukia mwili, linaloufanya kuwa takataka ya kuiacha njiani, limekataa kitu kile kile ambacho Mungu alikitoa kaburini. Funga Ijumaa Kuu ukitaka: acha chakula cha mchana, pesa yake mpe asiye nacho, jioni fungua kinywa. Kama una mimba, una kisukari au unatumia dawa, kula. Na mtu akikwambia umnyime mtoto maji, au usimpeleke hospitali kwa ajili ya Yesu, usibaki kubishana naye Maandiko. Mchukue mtoto, ondokeni, mpige ripoti polisi siku hiyo hiyo.

Ni ufufuo ama ufufuko? (Mwanakwaya, Changamwe)

Biblia ya Muungano ina ufufuo, na Waprotestanti wengi husema hivyo. Kwa Wakatoliki utasikia zaidi ufufuko. Yote mawili ni Kiswahili. Mwaka mmoja makanisa yetu jirani yaliunda kwaya ya pamoja ya Pasaka: soprano wakashikilia ufufuo, besi wakang'ang'ana na ufufuko, na mwalimu wa kwaya, saa tatu usiku na umeme umekatika, akasema basi, imbeni hivyo hivyo.