Kumtumikia Mungu Kabla ya Kumjua

Mtu anaweza kulelewa kanisani, akabatizwa, akaimba kwaya na hatimaye akawa mzee wa kanisa, bila kuwahi kumwambia Mungu jambo moja la kweli kuhusu nafsi yake. Silisemi hili kwa kuwabeza walio katika huduma, kwa maana nami nimo humo kwa miaka mingi. Nalisema kwa sababu wengi wanaonijia kutafuta ushauri kuhusu imani iliyopoa huanza kwa kunitajia kazi wanazozifanya kanisani, kana kwamba kazi hizo ndizo zilizopaswa kuzaa ukaribu na Mungu.

Katika 1 Samweli sura ya 3, kijana Samweli anamtumikia BWANA chini ya kuhani Eli, na usiku analala palepale hekaluni lilipo sanduku la Mungu, lakini mstari wa 7 unatueleza kwamba alikuwa hamjui BWANA bado. Alipoitwa, alimkimbilia Eli mara tatu, naye Eli alipotambua ni nani anayeita, alimwagiza akalale tena na akiitwa aseme, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Napenda sana namna Eli, pamoja na udhaifu wake wote kama baba, alivyoondoka njiani ili kijana asikie mwenyewe. Kiongozi wa kiroho anayekufanya umhitaji yeye kila unapotaka kujua mapenzi ya Mungu hajafikia hata alipofikia Eli.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko mwingine wowote, ni kuanza kusema kweli katika maombi. Sisi tunaoongoza maombi ya hadhara tumejizoeza lugha iliyonyooka, yenye sifa na shukrani zilizopangwa vizuri, na lugha hiyo ina mahali pake ibadani. Tatizo ni kwamba tunaibeba hadi chumbani, ambako hakuna mkutano wa kuitikia amina. Anayemwogopa Mungu kwa haki huenda akadhani kwamba kulalamika mbele zake ni utovu wa adabu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya Zaburi zote 150 ni vilio na malalamiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 haifiki hata kwenye faraja, kwani inaishia gizani, nayo imeachwa vivyo hivyo katika Maandiko. Ayubu naye alisema maneno makali ambayo rafiki zake waliona yanakaribia kufuru, lakini mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale rafiki waliomtetea kwa maneno mazuri na kusema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa.

Njia ninayoitumia ni hii: nachukua zaburi moja, naisoma kwa sauti taratibu, na nikifika kwenye mstari unaogusa hali yangu ya siku hiyo naiweka Biblia chini na kuendelea kwa maneno yangu mwenyewe, hata yakiwa machache na yasiyo na mpangilio. Mwaka 1535 Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa huko Ujerumani, alimwandikia kinyozi wake mashauri ya namna ya kusali, akimwelekeza aanze na Sala ya Bwana na Amri Kumi. Lakini akaongeza kwamba mawazo mema yakianza kububujika moyoni katikati ya sala, aziache sala zilizopangwa, anyamaze na kumsikiliza Roho Mtakatifu. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa hayaui uhusiano, kama baadhi yetu tunavyofundisha kwa haraka mno. Humfikisha mtu mlangoni.

Kuhusu saa na mahali sina mengi ya kusema. Yesu alisema ingia chumbani, funga mlango (Mathayo 6:6), na mwenye nyumba iliyojaa watu atautafuta mlango wake mahali pengine. Alfajiri si takatifu kuliko usiku.

Jambo ninalohofia zaidi ni uhusiano unaopimwa kwa hisia peke yake, mtu akiamini kwamba Mungu yuko karibu siku anapolia katika maombi na amekwenda mbali siku anapoona ukavu. Yesu alitoa kipimo kingine katika Yohana 14:21, kwamba ampendaye ni yule aliye na amri zake na kuzishika. Ndiyo maana, mtu akinieleza kwamba maombi yake yamekauka, kabla ya kumshauri afunge au aongeze muda wa kusali humuuliza kama yuko mtu ambaye hasemi naye. Wakati mwingine ukavu ni majira tu ya kuvumilia, na uchovu wa mwili nao usisahaulike. Lakini kama yupo ndugu mwenye neno juu yake, agizo la Mathayo 5:24 halihitaji tafsiri ndefu: aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende akapatane naye kwanza, kisha arudi aitoe.