Kugredi au kuiacha tupu? Kwanza toa mkono kwenye sarafu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kundi letu la wakusanya sarafu alinitumia picha ya heller 20 ya Tabora, sarafu ya enzi za Mjerumani. Inang'aa kama bomba jipya la maji. Chini ameandika, "Kaka, hii tukiipeleka kugrediwa si inapata MS kabisa?" (Kugredi ni kuipeleka kwa kampuni inayoikagua, ikaipa namba ya ubora na cheti, ikaifunga ndani ya kasha la plastiki; MS ni daraja la sarafu ambayo haijatumika.) Nilikaa na simu mkononi nisijue nianzie wapi, maana sarafu ile ile niliiona mwezi mmoja kabla, na rangi yake ya kahawia, nikamwambia mbele ya wenzake asiiguse. Huyu ni wa tatu mwaka huu kuosha sarafu. Nawapenda, wadogo zangu, ndiyo maana nakasirika.

Kusoma taji na herufi za viwanda vilivyozipiga mnajua: A ya Berlin, J ya Hamburg, T ya Tabora. Hayo sirudii. Nitajibu lile mnaloniuliza kila tunapokutana: nigredi, au niiache tupu, bila kasha?

1. Jiulize mnunuzi wako ana shaka gani. Cheti hakiongezi hata chembe ya fedha ndani ya sarafu. Kinamtoa shaka mtu aliye mbali, asiyeweza kuishika wala kuipima. Kwa hiyo rupia 15 ya Tabora, ile ya tembo na mlima, hiyo tusijadili, peleka. Zilipigwa 16,198 tu mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati Waingereza wameziba bahari na serikali ya Mjerumani haina tena sarafu za kulipia watu, ikabidi wazipige wenyewe kule Tabora. Za kughushi ni nyingi mno. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote hii, nikiiona nje ya kasha naanza na mizani na lenzi, na hata vikisema ndiyo bado roho haitulii. Hapo gharama ya kugredi ni halali ya wanaogredi.

Lakini heller 1 ya 1912 iliyozunguka sokoni mpaka taji limelainika kama sabuni? Posta, bima na ada ya kugredi vitaimeza mara kadhaa. Itie kwenye bahasha, andika tarehe na mahali ulipoipata, basi. Riale ya Maria Theresa, ile ya fedha ya Austria, ni vivyo hivyo: imeandikwa 1780 hata ikiwa imepigwa karne ya ishirini, na kasha haliigeuzi kuwa ya 1780.

2. Pima kabla hujaanza kupiga hesabu ya nyumba. Rupia ya fedha ni gramu 11.66, ikija na gramu 9, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

3. Usisafishe. Usioshe, usisugue, usipitishe hata kona ya shati. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mwaka 2011 bibi mmoja wa Pangani aliniita nyumbani kwake. Marehemu mumewe alimwachia kibweta cha mbao, na ndani yake, katika kipande cha kanga kilichopauka, mlikuwa na heller 5 ya 1909. Si ile ndogo yenye tundu iliyokuja 1913. Ni ile kubwa ya shaba, upana wa milimita 37, ukiiweka kiganjani unahisi uzito wake. Baba mkwe wake aliipata ikiwa mpya akaihifadhi, na tangu hapo haikupita sokoni hata siku moja. Nilipoifungua sikuweza kusema neno. Ilikuwa na rangi ya halua, na pembeni mwa herufi za DEUTSCH OSTAFRIKA bado kuna wekundu wa kiwandani, ule ambao haurudishwi na mtu yeyote duniani ukishaondoka. Nimeshika heller nyingi za aina ile. Ya namna hiyo sikuwa nimeiona.

Bibi alitaka kuezeka nyumba upya. Nikamwambia, bibi, usimuuzie mtu hapa. Niachie niipeleke ikagrediwe, ipate namba yake, tuiuze kwa watu wanaoijua. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayeijua. Nenda nayo."

Usiku wa kuamkia kuituma, niliiweka chini ya taa. Karibu na taji palikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya ufuta. Nikafikiri: hili doa litatunyima namba mbili tatu. Na mimi nimekulia nyumba ambayo kila kuelekea Idi tunasugua sinia na birika za shaba kwa ukwaju na majivu, na mama akipita anasifu. Basi nikaloweka ukwaju kidogo, nikachukua majivu laini ya mkaa kwenye ncha ya kidole, nikasugua lile doa. Likatoka. Lakini palipotoka doa pakawa peupe kuliko pengine, kwa hiyo nikasugua na pembeni ili palingane. Kisha upande wote. Kisha nikageuza. Dakika mbili, pengine tatu. Ilipokauka ilikuwa ya waridi, inawaka, na nawaambia ukweli nilifurahi. Nililala nikiwa nimefurahi.

Majibu yalichukua miezi mitatu. Sarafu ilirudi kwenye kasha bila namba: haijatumika, imesafishwa. Nikaichukua lenzi ya mara kumi na kwa mara ya kwanza nikaitazama kama inavyotazamwa na mtu asiyeitakia mema. Mistari. Maelfu ya mistari myembamba, yote inazunguka taji kufuata mwendo wa kidole changu. Ule wekundu pembeni mwa herufi umekwenda. Waliogredi walisema haki tupu. Mimi ndiye niliyeiharibu, na haikuwa yangu.

Nilikwenda Pangani kumwambia. Sikumficha. Nilisema, bibi, niliiosha. Alinyamaza muda, akikunja na kukunjua kile kipande cha kanga, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani ilikuwa na uchafu?"

Sijawahi kupata jibu la swali lile. Nilimlipa bei niliyokuwa nimemwahidi, kwa mafungu, ikachukua karibu miaka miwili, na mabati yakapanda juu ya paa lake. Kila fungu nilimpelekea mwenyewe, na kila mara alinipa chai. Heller ile ninayo mezani mpaka leo. Mnaionaga, mnadhani ni pambo.

Kwa hiyo ukiniambia sarafu ina weusi, nakujibu: ule weusi ni ngozi yake. Shaba huvaa ngozi hiyo taratibu, kwa hewa na kwa miaka, na tindikali ya ukwaju au limau huichuna kwa dakika. Wanaogredi wanaona sarafu mchana kutwa. Nyama mpya chini ya ngozi iliyochunwa hawaikosi. Shaba yenyewe wanaigawa kwa rangi, BN ya kahawia, RB ya mchanganyiko, RD nyekundu, na kahawia ya asili inauzika vizuri. Nyekundu ya ukwaju haimo.

4. Soma aina kabla ya kuota namba. Heller 20 za Tabora zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zipo zenye taji kubwa na taji dogo, na nyuma tazama ncha za herufi L katika neno HELLER: kuna zilizochongoka na kuna zilizojikunja. Mchanganyiko wa hayo ndio unaotofautisha ya kawaida na ya kutafutwa. Kipande cha kawaida chenye nyufa na ukingo ulioliwa, na vingi viko hivyo kwa sababu vilipigwa kwa haraka ya vita, kiache tupu. Adimu na safi, ndipo fikiria kasha. Na ukisugua, kitu cha kwanza kulainika ni hizo ncha.

5. Shika ukingoni, na tupa vile vifuko vya plastiki laini vinavyoacha unyevu wa kijani.

6. Ukinunua iliyokwisha kugrediwa, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha. Makasha nayo yanaghushiwa.

7. Mtu akikupigia kwamba ana rupia ya Mjerumani inayovuta mchele, huyo ni tapeli, mtakie siku njema ukate simu. Mmoja wenu alisafiri usiku kucha mpaka Singida na akiba ya ada ya chuo. Mchele haukuvutwa. Alirudi kwa lifti ya lori la vitunguu, na namshukuru Mungu alirudi.

8. Kuna za kuziacha tupu kwa sababu nyingine kabisa. Ninayo rupia ya 1904, imetobolewa juu ya kichwa cha Kaizari, tundu limelika upande mmoja kwa uzi. Mwanamke fulani aliivaa shingoni miaka mingi. Upande ulioegemea ngozi umelainika kuliko wa nje. Ukiipeleka kugrediwa utaambiwa ina dosari, na kwa kipimo chao ni kweli. Mimi siiuzi wala siifungii kwenye plastiki. Nikiishika naukuta ulaini ule kwa kidole gumba.

Na wewe wa Jumamosi: usiipake kitu chochote kuirudisha rangi, wala mafuta ya nazi. Itie kwenye bahasha ya karatasi, uiache kabatini, uisahau. Ukija tena, njoo nayo tutazame kama ncha za L zimepona.