Barua kwa mwanangu: Januari mosi na Juni 19

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata. Unasema hapo kanisani kwenu Houston, kwenye mkesha wa mwaka mpya, wazee Wamarekani Weusi humshukuru Mungu kwamba Januari mosi 1863 watumwa waliachwa huru, halafu ikifika Juni 19 nchi nzima inapumzika kwa jambo hilo hilo. Umepewa dakika kumi uwaeleze vijana, na hujui ushike tarehe ipi. Shika zote mbili, ila usizichanganye, maana kila moja ina kazi yake.

Kabla ya Rais Lincoln, Januari mosi ilikuwa siku ya kutisha kwa watumwa wa Kusini. Ndiyo siku mabwana walipofunga hesabu za mwaka: mwenye deni aliuza mtu, na mwenye watu wa ziada aliwakodisha kwa mwaka mzima kwa shamba la mbali. Mama aliyelala na wanawe usiku wa Desemba 31 hakujua kesho yake atabaki na yupi. Sheria iliyoanza Januari mosi 1808 ilikataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, lakini biashara ya ndani haikuigusa. Baada ya hapo watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka majimbo kama Virginia na Maryland kupelekwa kwenye pamba ya Alabama, Mississippi na Louisiana. (Pamba hiyo ndiyo iliyofumwa Massachusetts ikaja kuuzwa Zanzibar kwa jina la merikani.) Waeleze vijana hili kwanza, la sivyo hawataelewa kwa nini watu walikesha usiku wa kuamkia Januari mosi 1863.

Sasa karatasi yenyewe, Tangazo la Ukombozi. Lincoln alitoa onyo tarehe 22 Septemba 1862, siku tano baada ya mapigano ya Antietam, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi: jimbo litakaloendelea kuasi hadi Januari mosi, watumwa wake watatangazwa huru. Siku ilipofika, nakala aliyoletewa asubuhi ilikuwa na kosa la uandishi, akairudisha ikaandikwe upya. Kisha akasimama Ikulu kupeana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa kadhaa. Alasiri aliposhika kalamu, mkono ulikuwa unatetemeka kwa uchovu. Akaiweka chini kwanza, kwa sababu hakutaka mtu atazame saini hiyo baadaye aseme alisitasita. Akaandika jina lake lote, Abraham Lincoln, ilhali kwa kawaida aliandika A. Lincoln.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tangazo lile lilitaja majimbo kumi tu yaliyoasi. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa na watumwa lakini hayakuasi, kwa hiyo hayamo. Tennessee haikutajwa kabisa. Louisiana iliondolewa wilaya 13, New Orleans ikiwemo, na Virginia ikaondolewa Norfolk na sehemu nyingine zilizokuwa mikononi mwa jeshi la Kaskazini. Sababu ni ya kisheria. Katiba haikumpa rais uwezo wa kufuta utumwa ndani ya jimbo, ila akiwa amiri jeshi mkuu aliweza kumnyang'anya adui nguvu kazi yake. Ndiyo maana karatasi inajiita hatua ya vita, na hatua ya vita haiwezi kumgusa asiye adui.

Wapo wanaodai kwamba basi haikumkomboa mtu yeyote. Si kweli. Siku ile ile huko Port Royal, South Carolina, ilisomwa hadharani mbele ya umati wa watu waliokuwa watumwa na askari Weusi, na wakawa huru papo hapo. Tena ilifungua jeshi: hadi vita kwisha, Weusi wapatao 180,000 walikuwa wamevaa sare ya Kaskazini. Kila walikofika, tangazo lilipata mikono ya kulitekeleza.

Sehemu kubwa ya Texas jeshi hilo halikuifikia, na kisa chake kiko saa moja tu kwa gari kutoka kwenu. Alfajiri ya Januari mosi 1863, siku ile ile ya saini, waasi chini ya Jenerali Magruder waliwashambulia askari wa Kaskazini waliokuwa wameshika Galveston, wakawatimua. Tangu hapo hadi mwisho wa vita bandari ile ilibaki ya waasi. Usiwaambie vijana kwamba habari zilichelewa miaka miwili na nusu kufika. Mabwana walizijua, kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha. Juni 19, 1865 Jenerali Granger wa Kaskazini alikuwa Galveston na askari wake, akatoa amri, na watu wapatao 250,000 wa Texas wakatangaziwa uhuru wao.

Hata hapo kazi haikuwa imekwisha. Maryland ilifuta utumwa kwa sheria yake Novemba 1864, Missouri Januari 11, 1865. Kentucky na Delaware ziligoma mpaka Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa Desemba 6, 1865, yaani miezi mitano na zaidi baada ya sikukuu yenu ya Juni.

Dakika zako zigawe hivi. Mbili za siku ya kukodishwa. Nne za ramani: wape vijana ramani tupu ya majimbo na penseli za rangi mbili, wewe usome polepole aya inayotaja majimbo, wao wapake rangi moja yaliyomo na nyingine yaliyoachwa. Usijaribu kusoma tangazo zima, litakumalizia muda. Zinazobaki ziwe za Galveston na maswali. Akitokea wa kuuliza kuhusu wafungwa, msomee Marekebisho ya 13 yenyewe: yanakataza utumwa isipokuwa uwe adhabu ya aliyehukumiwa kwa kosa. Kupitia mlango huo majimbo ya Kusini yaliwakodisha wafungwa Weusi kwa wenye mashamba na migodi kwa miaka mingi iliyofuata.

Wasalimie wajukuu zangu.

Mama yako