Lehemu iko juu: usiache mafuta yote

Dada yangu, umeuliza kama uache mafuta kabisa baada ya kuambiwa lehemu (kolesteroli) yako iko juu. Tafadhali usifanye hivyo. Lipidi ni kundi zima: mafuta tunayokula, lehemu, na fosfolipidi zinazojenga utando wa kila seli mwilini. Bila mafuta kidogo, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri, kwa hiyo mchicha wa kuchemsha na chumvi tu unakunyima mengi. Hata lehemu yenyewe, ambayo sehemu kubwa hutengenezwa na ini, ndiyo malighafi ya nyongo na homoni za uzazi.

Hatari ni LDL (chembe zinazobeba lehemu kwenye damu) ikizidi, maana lehemu yake hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu. Punguza samli, mafuta ya nyama na mawese. Pikia alizeti, ila upime kwa kijiko: gramu 1 ya mafuta yoyote ina takribani kilokalori 9. Dagaa, karanga na parachichi kula.

Mwombe daktari akuoneshe LDL na HDL (chembe zinazorudisha lehemu kwenye ini) kila moja peke yake, jumla haitoshi. Na kama amekuandikia dawa, usiziache bila kumuuliza.