Kufufua baiskeli ya mbio ya chuma Lubumbashi: pima kwanza, agiza baadaye

Vijana wakipata fremu ya zamani ya baiskeli ya mbio huniuliza waanze na nini: magurudumu, gia au rangi? Waanze na kalipa, ile rula ya chuma yenye taya mbili inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Mtu wa Brussels akinunua kifaa kisichoingia, kesho yake anakirudisha dukani. Sisi kifaa kinakuja ndani ya sanduku la shemeji anayekuja likizo, au kinapita mpakani Kasumbalesa na mtu anayetoka Lusaka, na kikishafika ndiyo kimefika, hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo kila kipimo kiwe kimeandikwa kwenye karatasi kabla hujamtumia mtu yeyote ujumbe, achilia mbali pesa.

Fremu zenyewe bado zipo mjini. Nyingine zililetwa na Wabelgiji, nyingine na wazee waliofanya kazi migodini, nyingine zimekuja na mitumba juzi juzi tu. Usizichanganye na zile kinga, baiskeli nzito za mizigo, zinazoingiza magunia ya makala (makaa) mjini alfajiri. Zile ni za kazi nyingine, na mabomba yake ni manene. Fremu nzuri ya mbio ni nyepesi mpaka unashangaa. Tafuta kibandiko kwenye bomba la kiti: Reynolds 531, chuma cha Birmingham kilichoingia sokoni mwaka 1935, au Columbus ya Italia. Kibandiko kikiwa kimekwisha, chomoa nguzo ya kiti uipime. Ikisoma milimita 27.2, mara nyingi una bomba jembamba la hali ya juu. Ikisoma 26 au chini yake, si mbaya, ila usilipe bei ya dhahabu.

Kabla ya bei, pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na bomba la usukani. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka kwa kuzunguka, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache. Angalia pia kama nguzo ya kiti na shina la usukani vinatoka. Nguzo ya alumini iliyolala miaka 30 ndani ya chuma huganda kama imechomelewa, na mafundi wengi hukimbilia moto. Moto unapasha vyote viwili, na alumini hutanuka kuliko chuma, kwa hiyo nguzo inazidi kubana. Weka mafuta ya kupenya, subiri siku kadhaa, kisha poza nguzo yenyewe kwa barafu ndipo uizungushe. Ikikataa kabisa, ikate juu, ingiza msumeno wa chuma ndani yake na uipasue kwa urefu polepole. Ni kazi ya jasho, ila fremu inapona.

Sasa tuje pale watu wanapopoteza pesa nyingi zaidi: pedalie, yaani mahali ekseli ya pedali inapopita. Tundu lake lina nyuzi, na nyuzi hizo hazifanani dunia nzima. Za Kiingereza, ambazo ndizo karibu kila duka linauza leo, zina kipenyo cha inchi 1.37, kama milimita 34.8, na upande wa kulia unafungwa kinyume. Za Kiitaliano ni milimita 36, pande zote zinafungwa kawaida. Za Kifaransa ni milimita 35 kamili, nazo kawaida pande zote. Sisi huku tuna Peugeot nyingi, na Peugeot za miaka ya 1970 kwa kawaida zina nyuzi za Kifaransa.

Yangu ni mojawapo. Nilimpelekea fundi mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kijana mwenye mikono mizuri sana, akachukua kikombe kipya cha Kiingereza, kile chenye nyuzi kinachofungwa tunduni na kushika gololi, kutoka kwenye kopo lake akajaribu upande wa kushoto. Kikazunguka kidogo. “Mukubwa, inaingia hii!” Nikamwambia aache hapo hapo. Kiliingia kwa sababu ni kidogo kuliko tundu, na hatua ya nyuzi zake, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ni pana kidogo kuliko milimita moja ya Mfaransa. Mizunguko miwili mitatu ya kwanza inakudanganya, halafu inakaza, na ukilazimisha kwa spana ndefu unazila nyuzi za fremu. Hapo huna tena Kifaransa wala Kiingereza.

Dawa rahisi zaidi haihitaji kuagiza chochote. Toa vikombe vya asili, vioshe kwa mafuta ya taa, viangalie kwenye mwanga. Njia ya gololi ikiwa laini, bila vishimo, vikombe hivyo vitakuzika wewe. Badilisha gololi tu, za robo inchi, kwa kawaida 11 kila upande, na grisi mpya nyingi. Gololi za saizi hiyo hazisumbui kupatikana mjini. Vikombe vikiwa vimeliwa, ndipo uagize ekseli ya boksi lililofungwa ya aina isiyotegemea nyuzi, ambayo nusu zake mbili hujibana zenyewe ndani ya tundu. Kampuni ya Velo Orange ya Marekani ni mojawapo ya wanaoziuza. Mtu akikushauri kumpelekea fundi wa kereza akutengenezee nyuzi mpya, mwulize kwanza kama ana tapu, kifaa cha kuchonga nyuzi, ya saizi hiyo. Wengi hawana, wataanza kubuni.

Gurudumu la nyuma nalo lina hesabu yake. Pima nafasi ya ndani kati ya masikio mawili ambamo ekseli inakaa. Fremu za gia 5 kwa kawaida zina milimita 120. Za gia 6 na 7 kwa kawaida zina 126. Magurudumu ya kisasa ya barabara, yale ya breki za rimu, yanataka 130. Habari njema ni kwamba chuma kinakubali kupanuliwa kikiwa baridi. Alumini na kaboni hazikubali, usijaribu kamwe. Kutoka 126 kwenda 130 ni milimita 2 kila upande, na wengine wanapanua kwa mikono tu kila wanapoweka gurudumu. Mimi sipendi, kwa sababu ukipata pancha mvuani utaitukana baiskeli. Nunua fimbo ya chuma yenye nyuzi mwili mzima, nati nne na washa pana, uitumie kusukuma masikio kutoka ndani. Chuma kitarudi nyuma kama springi, kwa hiyo utalazimika kupita 130 kwa kiasi kikubwa, kulegeza, kupima, na kurudia kidogo kidogo mpaka kikae chenyewe kwenye 130.

Kisha chukua uzi. Ufunge kwenye sikio moja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe mpaka sikio la pili, uukaze. Pima kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Namba mbili zikilingana, nyuma imenyooka. Zisipolingana, upande mmoja umepanuka kuliko mwingine, na upande huo ndio unaourudisha.

Na tafadhali, kazi hii isimkaribie mchomeleaji. Lubumbashi kila kona ina mtu mwenye miwani myeusi na waya wa umeme, na ni hodari kweli wa kuimarisha kinga za makala. Lakini bomba la Reynolds katikati halifiki hata milimita moja ya unene, na viungo vyake viliunganishwa kwa shaba au fedha. Ukilipasha moto ovyo umeliua, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Gia nitasema kwa ufupi. Chukua 8. Sijali unaona nini Instagram. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari lakini ni tambarare, gia 12 utazifanyia nini? Cheni ya gia 8 ni nene kidogo, inavumilia vumbi letu jekundu, na ni rahisi kuipata ikikatika. Seti ya Shimano Claris inatosha kabisa. Kwenye Peugeot angalia tundu la kushikia derayeri, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni: mara nyingi halina nyuzi. Hapa fundi wa kereza ana faida, mradi awe na tapu ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1.

Breki zinategemea rimu. Kama baiskeli ilikuwa na magurudumu ya inchi 27, rimu yake ina kipenyo cha milimita 630 mahali tairi linapokaa. Ya 700C ya kisasa ina 622. Hiyo ni milimita 4 kila upande, na raba za breki za zamani huenda zisifike. Pima kutoka tundu la boliti ya breki mpaka mahali raba itakapogusa rimu. Breki fupi za kisasa hufika kama 49 tu. Zipo za 47 mpaka 57, na Tektro wana moja ya 55 mpaka 73, ambayo hupatikana pia kwa boliti ndefu ya nati ya kawaida, kwa hiyo huhitaji kutoboa uma wa gurudumu la mbele. Matairi 28 ya kinga za mizigo yanayojaa sokoni ni ya 635, hayakai kwenye 700C, ni makubwa mno, yatacheza tu. Leta matairi mawili ya akiba kwenye oda ile ile, upana wa milimita 28, au 32 fremu ikiruhusu. Mashimo yetu unayajua.

Shina la usukani la Kifaransa ni milimita 22.0, la kawaida 22.2. Msasa na uvumilivu vinamaliza tofauti hiyo.

Rangi mimi siigusi. Naondoa kutu, nafuta, napaka nta, basi. Ndani ya mabomba namimina mafuta, nageuza fremu kila upande, naacha yachuruzike, kwa sababu kutu mbaya ya msimu wa mvua huanzia ndani ya pedalie ambako maji yanakaa bila kuonekana.

Safari ya kwanza iwe ya karibu. Barabara ya Kipushi inafaa, kama kilomita 30, na ukiharibikiwa utapata gari la kukurudisha. Beba spana ya boliti za mikono ya pedali, na baada ya kilomita chache simama uzikaze upya hata kama unaona hakuna kinachocheza. Mikono ni ya alumini na ekseli ni ya chuma, yenye pembe nne. Mkono ukilegea na wewe ukaendelea kukanyaga, chuma kinatafuna alumini mpaka tundu linaanza kuwa duara, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakosaidia. Ukisikia mlio wa tak, tak kila mguu wa kushoto unaposhuka, shuka.