Sanduku la Maswali: Ribe na Kaaga, nani mkubwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni Mmeru, nimeolewa Ribe. Kwetu tumekua tukijua kwamba Kanisa la Methodisti lilianzia Kaaga, huko Meru. Mama mkwe akinisikia hucheka, anasema Kaaga ni mjukuu wa Ribe. Shemeji yangu, Mwanglikana wa Rabai, anasema sote tunajisumbua bure kwa sababu Krapf ni wao. Nani mkweli?
– Bibi Harusi, Ribe

JIBU: Marahaba binti yangu, na karibu pwani. Mpe mavyaa wako haki yake mapema, maana utakaa naye miaka mingi. Misheni ya Kaaga ilianza 1912. Ya Ribe ni ya 1862. Amekushinda kwa miaka 50 kamili, tena bila kutoka jasho.

Shemeji yako ana nusu ya ukweli. Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani wa Kilutheri aliyetumwa na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Alifika Mombasa 1844, na 1846 yeye na Johannes Rebmann wakafungua Rabai. Mwaka 1853 maradhi yalimrudisha Ulaya. Huko akaandika habari za safari zake, na kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1860 kikamfikia Charles Cheetham wa Heywood, Uingereza, aliyekuwa mweka hazina wa misheni katika kanisa changa la Kimethodisti. Kanisa hilo lilikuwa limeundwa 1857 na watu waliochoshwa na wachungaji wakubwa kuamua kila kitu peke yao. Cheetham akamwandikia Krapf, na mwanzoni mwa 1862 Krapf akarudi Mombasa, safari hii akiwaongoza Wamethodisti. Kwa hiyo mwambie shemeji Krapf ni wa Rabai na ni wa Ribe pia. Walutheri nao wakija kumdai, wapeni kiti.

Sasa nikupe jambo ambalo pengine hata mavyaa wako halitaji. Ribe haikuwa shabaha yao. Macho ya Krapf yalikuwa kwa Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagalla. Aliamini wakiupokea Ukristo, bara lote litafuata. Ribe, juu ya vilima alivyovijua tangu enzi za Rabai, ilikusudiwa iwe kituo cha kupumzikia kabla ya kuelekea kaskazini. Warihe, yaani wenyeji wa Ribe, waliowapa mahali pa kukaa walikuwa na kaya yao, kijiji chao kitakatifu msituni, na wazee wao, na hawakuwa wamemwomba mtu dini. Mimi huona huu ndio mzaha mtamu wa historia ya kanisa lenu: waliotafutwa walikuwa mbali, na kanisa likaota kambini.

Na kambi yenyewe nusura ivunjike. Krapf alikuja na Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, na vijana wawili wa Uswisi. Homa na maradhi mengine viliwachambua, na kabla mwaka haujaisha Wakefield alikuwa amebaki peke yake. Charles New alimfuata 1863. Mkewe Wakefield, Rebecca, alifariki hapo hapo Ribe mwaka 1873. Wakefield mwenyewe alikaa pwani kama miaka 25, na huyu mtu namheshimu kwa sababu alijua kusikiliza. Njia za misafara ya bara alizochapisha London mwaka 1870 hazikuwa safari zake. Alisimuliwa na Sadi bin Ahedi, mfanyabiashara Mwislamu wa upande wa Gazi, na akalitaja jina lake waziwazi. Wazungu wangapi wa wakati ule walifanya hivyo?

Kwa Waoromo walifika hatimaye. Kituo cha Golbanti, kando ya Mto Tana, kilifunguliwa zaidi ya miaka 20 baada ya Ribe. Mwaka 1886 Wamaasai walikivamia wakamuua mmisionari John Houghton na mkewe Annie. Miongoni mwa waliokitumikia Golbanti miaka hiyo alikuwa mchungaji W. H. During, Mwafrika wa Sierra Leone. Ukisikia mtu akisema Umethodisti wa pwani ni kazi ya Wazungu tu, mtajie huyo.

Basi nani walijaza viti? Wenyeji waliingia polepole. Wengi wa mwanzo walikuwa watu waliokosa pa kwenda, hasa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani na kukimbilia misheni. Mabwana zao waliwafuata kwa vitisho, na wamisionari, wa Ribe na wa Rabai, waliishi kwa wasiwasi, maana utumwa ulikuwa bado halali mbele ya serikali ya Sultani wa Zanzibar. Mambo yalitulia kidogo pale George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipokubali kuwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Watoro zaidi ya 1,400 wa misheni za pwani walihusika.

Meru yenu ilikuja baadaye, ikakua haraka, na leo ndiyo ngome ya Wamethodisti wa Kenya. Kanisa lilijitegemea kutoka Uingereza mwaka 1967. Mjukuu amempita bibi kimo, hilo mwambie mavyaa wako kwa adabu, na si siku ya kwanza.

SWALI: Nasikia huyo Charles New wa Ribe alipanda Kilimanjaro kabla ya Hans Meyer. Kweli?
– Mpanda Mlima, Moshi

JIBU: Kileleni hakufika, hiyo ni ya Meyer na Ludwig Purtscheller, 1889. Lakini New aligusa theluji Agosti 1871, akateremka na mimea ya juu mlimani ambayo iliishia bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ikachunguzwa na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker. Aliporudi Uchagani safari ya pili, Mangi (mtawala wa Kichaga) Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alimnyang'anya mali. New akaanza kurudi Ribe akiwa mgonjwa, akafia njiani Februari 1875.