Re: Eti Ethiopia wanakula Krismasi Januari?
Mkuu umeuliza kama ni kweli au stori za vijiweni. Ni kweli kabisa, tarehe 7 Januari, wanaiita Genna. Sio kwamba wamechelewa, kanisa lao la Orthodox linafuata kalenda ya zamani, hata Warusi nao wanasali hiyo hiyo saba. Ila kazi iko kabla ya hapo bana, wanafunga siku 43, hakuna nyama, hakuna maziwa wala mayai, halafu usiku wa kuamkia sikukuu wanakesha kanisani wamejifunga shuka nyeupe, mji wao wa Lalibela ndo unajaa mahujaji balaa, wakifungulia sasa ni kuku wa mchuzi wa pilipili na injera, ule mkate wao laini kama chapati. Sie huku Dodoma tarehe 25 tukitoka ibadani ni pilau na mbuzi, na kama mvua imepiga usiku kuna mzee lazima akimbilie shamba kupanda uwele kwanza, usimlaumu, mvua zenyewe za kuhesabu hizi. Wajapani ndo waliniacha hoi, Krismasi kwao sio hata sikukuu ya serikali ila wanapanga foleni KFC kununua kuku, kisa tangazo la biashara la mwaka 1974 😂